Vumbi Lililobaki Ndani

Wanawake wanaokuja kwangu na mtoto wa pumu, anayepiga filimbi kifuani, huwa nawaambia kwanza wakae chini, wanywe chai. Wao wanataka dawa. Mimi dawa sina, udaktari sikusomea, na sindano naiogopa mpaka leo. Nilicho nacho ni habari ya binti yangu Halima. Nikiimaliza, wengine husema, "Basi nimeelewa nikafanye nini nyumbani," na wengine humkumbatia mtoto tu. Sasa naona wanaohitaji ni wengi kuliko vikombe vyangu, kwa hiyo naiandika.

Kwetu ni Koboko, karibu na mpaka wa Sudani. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani zamani. Niliolewa Arua mjini na Ramadhani, fundi cherehani, tukakaa nyumba moja na mama yake, Mama Saida. Kiangazi cha mwaka wa sabini na tano, Halima akiwa na miaka minne, nilimchukua tukaenda Koboko kumsalimia mama yangu mzazi. Halima alimwita Haba, ndivyo watoto wetu wanavyowaita bibi zao, na humu nami nitamwita hivyo.

Upepo ulikuja baada ya adhuhuri, kutoka upande wa Sudani. Kuku waliingia bandani wenyewe, mchana kweupe. Halafu mbingu ikawa rangi ya chai ya maziwa, na jua likawa dogo, jeupe, kama kidonge, mtu unaweza kulitazama kwa macho wazi na lisikufanye kitu. Subhanallah! Nilisimama mlangoni nimeduwaa, Haba akanivuta kwa mkono. Tukafunga milango, tukaziba madirisha kwa mito, tukamfunika Halima kichwa kwa kanga. Nje kulikuwa na sauti moja tu, ndefu, kama mchele unaomwagwa bila kwisha. Wazee waliozaliwa pale walisema hawajaona kitu kama kile.

Jioni upepo ukatulia, na hapo ndipo mshangao uliponizidi. Vumbi lilikuwa kila mahali palipofungwa. Nilifunua chungu cha simsim kilichokuwa na kifuniko na kitambaa juu yake, nikalikuta limekaa ndani, laini, sawasawa. Lilikuwa katikati ya nguo zilizokunjwa na katikati ya meno yetu. Halima alikuwa mzima kabisa. Alicheka, akachora kwa kidole juu ya meza, akasema amechora mbuzi. Nikamshukuru Mungu, nikalala.

Asubuhi wanawake wa mtaa mzima walitoka na fagio. Mnubi akute jua limepanda na nyumba yake haijafagiwa? Aibu hiyo huioshi. Haba na jirani zake walifagia, wakang'uta mikeka, wakapiga magodoro kwa fimbo mle mle chumbani, na walipomaliza wakatia makaa katika vyetezo wakafukiza ubani kila chumba, ili upepo mbaya ufuate mwenzake ulikokwenda. Vumbi lililokuwa limelala likaamka lote. Juu yake moshi. Ukitazama mwanga ulioingia dirishani ulikuwa mzito, ungedhani utaukata kwa kisu. Nyumba ilinukia vizuri, lakini ilipofika alasiri Halima aliacha kucheza.

Aliketi ukutani, mabega juu, mikono imeshika magoti. Nikamwita, hakuitika. Nilipomkaribia nikasikia filimbi ndani yake, nyembamba, kila akitoa pumzi. Nikamvua gauni. Jamani! Kila akivuta hewa, ngozi iliingia katikati ya mbavu, na kile kishimo cha chini ya koo kilibonyea, kidole kingetosha ndani. Mtoto wangu alikuwa anafanya kazi ya mtu mzima, kazi ngumu kama kutwanga, na kazi yenyewe ilikuwa kubaki hai.

"Upepo imeingia ndani ya mtoto," Haba alisema, akaongeza ubani kwenye makaa. Alimpenda Halima kuliko macho yake. Alimpaka mafuta ya simsim ya moto kifuani, akamsomea, akamfukiza tena. Halima alikuwa anaongea neno moja kwa pumzi moja. "Mama." Anavuta. "Maji." Anavuta. Hakuweza kulala chali, akilazwa anainuka kama aliyesukumwa, ikabidi niwe mto wake, nikae nimeegemea ukuta naye ameegemea kifua changu. Nilikaa hivyo nikihesabu pumzi zake na zangu zikaanza kuzifuata.

Alfajiri tulipanda lori la tumbaku lililokuwa linakwenda Arua. Dereva alikuwa Mlugbara, mtu wa maneno machache. Alimtazama Halima mara moja, akamwambia mwenzake apande juu kwenye mizigo. "Mama, kaa mbele hapa na mtoto. Funga kioo." Kila gari lilipokuja mbele yetu likitimua vumbi, alisimama kando ya barabara, akazima injini, akangoja vumbi lianguke lote ndipo aendelee. Hakuniambia kwa nini. Nikafika Arua sijamuuliza hata jina, na hakutushusha mjini, alipitiliza mpaka Kuluva, kwenye hospitali ya misheni. Mungu amlipe popote alipo.

Wanaokwenda hospitali na mtoto wanalijua benchi. Benchi la pale lilikuwa refu, la mbao, limekuwa laini kwa makalio ya akina mama. Mmoja ana mtoto wa homa, mwingine wa kuungua, kila mmoja anamtazama mtoto wa mwenzake kwa pembe ya jicho na kushukuru wa kwake hajawa hivyo. Waliponitazama mimi hawakushukuru, waligeuza uso. Midomo ya Halima ilikuwa rangi ya majivu. Mama mmoja wa kutoka Pajulu, mjamzito, alisimama akanipa nafasi yake mlangoni kabisa, akabaki ameegemea nguzo. Halafu nikasikia sauti kutoka ndani, "Nani anapumua hivi?" Akatoka muuguzi, Sista Driciru, mwanamke mrefu wa Kilugbara. Hakutuuliza zamu. Alimchukua Halima mikononi mwangu akaingia naye.

Sindano waliiingiza kwenye mshipa polepole sana. Daktari anasukuma, anangoja, anasukuma, macho kwa mtoto. Mimi niligeukia ukuta. Sista akanigeuza. "Tazama, mama. Usikose hii."

Nikatazama. Kile kishimo cha koo kilikuwa kinabonyea, kinabonyea, halafu kikabonyea kidogo, halafu kikatulia. Mbavu zikarudi chini ya ngozi zilikokuwa. Rangi ilianza midomoni, ikaenda mashavuni. Sijaona kitu kikubwa kuliko kile na sidhani nitaona: hewa, hewa hii tuliyopewa bure wote, inaingia ndani ya mtoto na inatoka. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Tulikaa pale wodini, siku zikipimwa kwa sindano ya asubuhi na sindano ya jioni, halafu sindano zikaisha vikaja vidonge. Halima alikuwa amekonda mikono, mabega yamezoea kupanda juu kama ya kizee. Ramadhani alikuja kwa baiskeli na chakula alichopika mama yake. Alisimama mlangoni ameshika kofia, hajui aiweke wapi. Mwanamume yule alimpa mtoto kijiko kimoja cha uji, akatoka nje kulia nyuma ya tangi la maji, akarudi akasema macho yameingia mchanga.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Driciru aliniketisha.

"Mama Halima, sikiliza. Dawa yangu iko hapa. Dawa yako iko kwa nyumba. Ile chumba analala mtoto, toa vitu yote. Mikeka, toa. Vitu ya ukuta, toa. Ubani, hapana. Kufagia kavu, hapana. Nyunyiza maji, panguza na kitambaa ya maji, pole pole, hata juu kwa mbao. Dirisha, weka nguo ya maji, ikikauka lowesha tena."

"Na mtoto awe wapi nikipanguza?"

"Nje, pahali upepo haileti vumbi. Arudi wakati imekauka." Akashusha sauti. "Kifua yake imechoka. Ingine kama ile ikikuja sasa, karibu hivi, mimi sijui. Unasikia? Mimi sijui."

Nilisikia. Nilitoka pale nikihesabu kwa vidole vitu vya kutoa.

Vumbi la upepo ule lilifika Arua pia. Na chumba chetu, ndugu msomaji, kilikuwa fahari ya Mama Saida. Kuta zote zilijaa vitambaa alivyotarizi kwa mkono, maua, ndege, majina ya wajukuu, na baina yake tabaga, vile vifuniko vya chakula tunavyosuka kwa nyasi za rangi, kutoka chini mpaka juu. Alivitundika siku nilipoingia bibi harusi. Wageni walikuja kuvitazama tu. Nikapuliza kimoja kwa mdomo. Ukungu ulitoka.

"Mama, inabidi tuvitoe," nikasema. "Na vitanda, na mikeka."

Aliniangalia kama nimemtukana. "Vitanda itoke nje? Ukuta ibaki uchi? Wewe nataka kufanya matanga na mtoto iko hai?"

Nieleze hapa kwa asiyejua. Kwetu mtu akifa, vitanda na viti vinatolewa nje, kuta zinavuliwa mapambo, ndani kunabaki patupu watu wapate kuketi chini. Mpita njia akiona vitanda uani haulizi, anajua. Kufanya hivyo mtu akiwa hai ni kukiita kifo kwa jina. Mama Saida hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa, ila tuliogopa vitu viwili tofauti. Ramadhani katikati. "Tungoje kidogo," alisema, akatazama miguu yake.

Tuligombana kwa kunyamaza, ugomvi mbaya kuliko wa maneno. Sufuria zilisema badala yetu. Lakini asubuhi moja Halima aliamka na ile filimbi, nyembamba, mbali, kama mtu anayekuja barabarani. Nilichukua kigoda, nikapanda, nikaanza kushusha. Mama Saida akapiga ukelele, akatoka kwenda kuketi barazani kwa jirani, amejifunika uso. Ramadhani aliingia akanikuta juu ya kigoda. Akashika kitanda upande wa miguu, nami nikashuka nikashika upande wa kichwa.

Halima tulimweka jikoni nyuma, moto umezimwa, na bakuli la uji. Tukatoa kila kitu. Tulinyunyiza, tukapanguza, ndoo kwa ndoo, maji yakitoka rangi ya matofali. Sakafu ilipokauka tukamrudisha ndani, na dirishani nikatundika kanga yangu iliyoloweshwa. Nilikuwa na kanga mbili tu. Tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe nchini, maduka yalikuwa rafu tupu, nguo ilikuwa haipatikani hata kwa fundi cherehani, na mume wangu mwenyewe alikuwa anashona viraka juu ya viraka. Dirisha la pili likabaki wazi.

Ndipo nikasikia kilio barabarani.

Hebu fikiri walichoona. Vitanda uani. Kuta tupu kupitia mlangoni. Bibi wa mtoto analia barazani kwa watu. Na mtoto aliyetoka hospitali hasikiki. Nani angeuliza? Mwanamke wa kwanza aliangusha karai alilojitwika, akaweka mikono juu ya kichwa, akalia, na mtaa mzima ukaitikia. Walikuja wamefunika vichwa, wengine na mikeka kwapani. Wanaume walikuja na majembe, kwa sababu kwetu maiti hasubirishwi, na wawili walikuwa wameshatangulia makaburini kuchimba.

Nilitoka mlangoni nimelowa mpaka viwiko, kitambaa mkononi. "Nani amekufa?" nikawauliza.

"Pole, mama. Subira."

"Subira ya nini? Halima iko ndani, anakula uji!"

Wakatazamana kwa huruma. Wawili wakanishika mikono, wakawa wananipapasa mgongoni, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Keti chini." Wallahi, nilipiga kelele mtoto wangu ni mzima, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kulia kwa ajili yangu!

Aliyenikomboa ni Mama Saida. Alisikia vilio akadhani mtoto amekufa nyuma yake, dakika ile ile aliyoondoka kwa hasira. Alikuja anakimbia, mtandio umeanguka, akawasukuma watu kama mlango, akaingia. Alimkuta Halima ameketi sakafuni, uji kidevuni, anashangaa makelele. Mama Saida alipiga magoti. Hakumkumbatia. Aliweka sikio kifuani kwa mtoto, akafumba macho, akakaa hivyo, na nje watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

Alipoinuka alikwenda mlangoni. "Mtoto iko hai," akasema. "Na hakuna mutu anaingia hapa na miguu ya vumbi. Osheni."

Waliosha, kama waendao msikitini. Waliingia mmoja mmoja, wakamtazama mtoto anapumua, wakatoka wameziba midomo kwa mikono. Watu wakubwa, wenye wajukuu, wanatazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka kana kwamba hawajawahi kuona pumzi. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Waliokuja kulia walichota maji, wenye majembe waliweka majembe wakapanguza mbao za paa, na vile vitambaa Mama Saida aliwapa wasichana wavipeleke mbali kuving'uta, upande upepo unakokwenda.

Katikati ya furaha hiyo mtu mmoja akauliza, "Koboko wameambiwa?" Ndugu wa Ramadhani alikuwa ameshapanda lori kupeleka habari ya msiba. Ramadhani alirukia baiskeli akakimbia mpaka kituo cha malori, lori limeshaondoka. Hakukuwa na namna ya kumrudisha. Nikajua mama yangu atakuja njia nzima akimlilia mjukuu aliye hai, nami siwezi kumfikia. Kungoja kule kulinishinda benchi la Kuluva.

Hapa, wakati nangoja, ndipo huwa nawaambia akina mama mambo yao, maana baada ya mwisho wa habari hii siwezi kusema kitu. Upepo wenyewe haukumdhuru mwanangu kama lilivyomdhuru vumbi lililobaki chumbani. Usifagie kavu. Panguza kwa maji kutoka juu kwenda chini, mtoto akiwa mbali. Ubani, udi, moshi wa kuni, vyote nje. Akianza kusema neno moja moja, acha kila kitu, nenda hospitali, usingoje mtu akuruhusu. Filimbi ya Halima ilirudi mara kadhaa kila kiangazi na kila mara ilikuwa ndogo zaidi, na mvua zikianza alikimbia na wenzake. Mwaka wa sabini na tisa tulipokimbia vita kwenda ng'ambo ya mpaka, malori yakitimua vumbi juu yetu, alitembea kwa miguu yake na kitambaa cha maji puani. Leo ni mama wa watoto.

Haba alifika alasiri. Alikuja juu ya mizigo, amejaa vumbi kutoka utosi mpaka nyayo, sauti imemkauka, na kifurushi kwapani. Watu wakampisha. Kila mtu alikuwa na habari njema mdomoni na hakuna aliyejua aanze wapi. Nilipomshika mkono hakunitazama. Mama Saida alimletea karai la maji, akamwosha miguu kwa mkono wake, naye Haba akaona ndiyo maandalizi ya kumwosha maiti, akaingia.

"Haba, umechelewa, umeniletea nini?" Halima akamwuliza, kwa pumzi moja.

Mama yangu alikaa chini pale pale aliposimama. Alimtazama mtoto usoni, akamtazama kifuani, akarudi usoni. Halima alikuja akajiketisha mapajani mwake, akaanza kufungua kifurushi. Ilikuwa nguo nyeupe, mpya, nzima. Nikaijua. Ilikuwa sanda ya Haba mwenyewe, aliyojinunulia kabla maduka hayajawa matupu, kwa sababu alisema yeye hatazikwa kwa gunia. Alikuwa ameileta ampe mjukuu wake.

Hakuna aliyepumua isipokuwa Halima.

Haba aliinua macho akaona kanga yangu dirishani, inadondosha maji. "Ile ya nini?"

"Inazuia vumbi lisimfikie," nikasema. "Dirisha lile lingine sina cha kuweka."

Alishika ile nguo kwa mikono miwili, akaitia meno kwenye pindo, akaipasua.

"Mama, hapana!" Ramadhani akasema. "Hiyo ni ya kwako."

"Mama, na wewe?" nikamwuliza. "Wewe utapata wapi nyingine?"

"Mimi nitakufa siku ingine," akasema. "Leta maji."

Nikaenda kuleta maji.